Lufufu wa Tabata

Kijana anayejaza muvi kwenye flashi pale kituoni Tabata aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama, unataka iliyotafsiriwa au ya Kizungu?" Nikasema ya Kizungu. Hizo zenye msimuliaji nazijua. Mtu anachomwa mkuki, yeye anatia utani, mtoto anacheka. Elfu mbili, sizoni nzima. Hakuuliza anayekwenda kuiangalia ana miaka mingapi, wala si kazi yake.

Anayekwenda kuiangalia ni Babu. Ana miaka 13, mtoto wa kaka yangu, na tunamwita Babu kwa sababu amebeba jina la marehemu baba. Amemaliza darasa la saba mwezi wa tisa, na likizo ile ya kusubiri kidato cha kwanza kila mwenye mtoto anaijua: hana daftari, hana ratiba, njaa haimwishi. Ameletwa kwangu kutoka Kilosa akae mpaka Januari. Siku ya pili tu akaniambia, kwa adabu zote, "Shangazi, kuna sizoni inaitwa The 100. Ni ya watoto."

Ya watoto! Nikaenda kuisoma habari zake kwanza. Ilianza kuonyeshwa Marekani Machi 2014 kwenye televisheni ya CW, ikaisha 2020, sizoni saba, vipande 100 kamili. Kwao imepewa alama ya TV-14, yaani mzazi ajihadhari, huenda haimfai aliye chini ya miaka 14. Nikamweleza Babu. Akahesabu kwa vidole: "Nimebakiza miezi minne." Sisi nasi tunayo Bodi ya Filamu ya kukagua na kupanga madaraja, lakini flashi haipiti kwenye bodi, inapita mfukoni. Basi bodi nikawa mimi.

Hadithi yenyewe: dunia imeungua kwa mabomu ya nyuklia. Waliosalia wanaishi angani kwenye chombo kinachoitwa Ark, mwaka wa 97 huu, na hewa inawaishia. Sheria ya humo haina mchezo. Mtu mzima akikosa, kosa lolote lile, anatupwa nje kwenye utupu. Aliye chini ya miaka 18 anafungwa. Wafungwa 100 wa aina hiyo ndio wanaoshushwa duniani, kama anayeonjeshwa chakula ili ijulikane kama kina sumu.

Sasa Babu amesoma shule ya msingi ya Kiswahili kama mimi, Kiingereza chake ni cha kumwamkia mwalimu. Kipande cha kwanza hakijafika nusu, kila dakika "Anasemaje?" Nikajikuta nasimulia. Mimi nimekua na sauti ya Lufufu, yule msimuliaji wa muvi za kutafsiriwa, kwenye banda la video Mwananyamala, nimejibanza nyuma ya kaka yangu kwenye benchi, Lufufu anatuambia nani kamkosea nani. Tulishuku nusu ya maneno anayatia mwenyewe, na hakuna aliyedai chenji yake.

Na cheo hiki kina raha yake, kwa sababu msimuliaji ndiye mwenye mkasi. Wakianza kubusiana nasema, "Wanaagana." Babu anatazama dari mpaka waishe. Mara ya nne akauliza, "Mbona hawa wanaagana sana na hawaendi popote?"

Kwa wale wanaotupwa nje nilitafuta neno laini. Wao wenyewe hawasemi kuua. Wanatumia neno la kuelea, utadhani mtu kaachiwa mtumbwi. Mimi nikasema "amefukuzwa". Niliona nimefanya vizuri.

Kipande cha tatu kuna binti mdogo, Charlotte, ukimtazama ni mdogo kuliko Babu. Wazazi wake waliuawa kule juu kwa amri ya kiongozi, na usiku anaota akipiga kelele. Bellamy, mkubwa wa kundi, anamwambia ayaue majinamizi yake akiwa macho, ndipo atalala. Anampa kisu, anamwonyesha jinsi ya kukishika. Ni maneno ya kumtia mtoto moyo; niliyatafsiri neno kwa neno, hata nikayapamba kidogo. Baadaye, usiku, binti anamkuta Wells, mtoto wa yule kiongozi, amekaa peke yake kwenye ulinzi. Anamchoma shingoni.

Rimoti nilikuwa nayo mkononi. Sikubonyeza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabusu.

Tangu hapo kila kipande nakiangalia kwanza peke yangu, Babu akishalala. Cha nne wanamtia kitanzini kijana ambaye hakuua, kamba juu ya mti, boksi linapigwa teke. Baadaye Charlotte anajirusha gengeni. Nikamwambia Babu kile kimeharibika kwenye flashi, tukarukia cha tano.

"Charlotte yuko wapi?"

"Amefukuzwa."

"Kama wale wa juu?"

"Ndiyo."

Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia konda aliyemrudishia nauli pungufu. "Wale hawakufukuzwa, Shangazi. Mlango unafunguka, wananyonywa nje. Nimeona."

Nililala vibaya. Si kwa sababu ya damu, maana kuku wa Krismasi kwao Kilosa anamchinja mwenyewe. Kilichoninyima usingizi ni kwamba siku zote hizo alikuwa anaangalia muvi mbili, ile ya kwenye kioo na ile ya mdomoni mwangu, na alikuwa anazilinganisha. Kesho yake niliacha kusema kufukuzwa. Kipande cha tano watu 320 wanakubali kufa ili wengine wapate hewa, wazazi kwa ajili ya watoto wao, na hilo nililisema lilivyo. Hakutania. Nikiulizwa, naona hii sizoni ina kitu ambacho katuni nyingi hazina: mtu akiuawa, waliobaki wanahangaika naye kipande kizima, hasahauliki baada ya tangazo. Ila kwa mtoto wa miaka tisa hapana. Wa jirani alijipenyeza kwenye kochi siku moja, nikamfungia maandazi mawili akaenda kwao. Sizoni ya pili nimeshaikagua hadi mwisho, nayo Babu ataisubiri, mambo ya kutoboa vijana mifupa kuwachukua uboho sitaki kuyatafsiri mimi.

Kipande cha sita nilikipitisha. Sikuona tatizo.

Kule Ark mzazi anaruhusiwa mtoto mmoja. Octavia, mdogo wake Bellamy, ni wa pili. Miaka 16 amefichwa chini ya sakafu. Wakija wakaguzi, kibao kinainuliwa, mtoto anaingia, kinafunikwa. Mama yao anamwambia Bellamy: mdogo wako, jukumu lako. Nikafungua mdomo nitafsiri, sauti haikutoka.

Babu alizaliwa Kilosa wakati kaka yangu ana mke wa ndoa hapa Dar. Siku hizi wote wanajua, wifi mwenyewe ndiye humnunulia sare, kwa hiyo sifichui kitu. Lakini miaka sita ya kwanza tulijua sisi ndugu tu. Alipewa jina la baba, na baba amekufa hajui kuwa ana wajina. Siku ya mazishi mama yake alimleta, maana mjukuu atakosaje kumzika babu yake, na wifi yuko ndani na kanga yake, analia na wenzake. Mtoto akapelekwa nyumba ya tatu, kwa mama mmoja jirani, akae huko mpaka watu watawanyike. Mlango ukarudishiwa.

Nilikikagua kile kipande jana yake usiku na haya yote hayakunijia. Nilikuwa nahesabu visu.

"Anasemaje?"

Nikamwambia. Mdogo wako, jukumu lako.

Babu akatazama mpaka kile kibao kikafunikwa.

"Kule kwa yule mama kulikuwa na kuku mweupe," akasema. "Siku ya msiba."

"Unakumbuka?"

"Nilimwona tu dirishani. Niliambiwa nisitoke." Macho yako kwenye kioo. "Nani alinipeleka kule?"

Msimuliaji angeweza kusema lolote hapo.

"Mimi."

"Eeh. Halafu ukarudi na ubuyu."

Ubuyu siukumbuki hata kidogo. Rimoti nikaiona juu ya stuli, sijui niliiweka saa ngapi. Babu akajisogeza akaegemea mto, akauliza kama leo tunaangalia viwili au kimoja.