Msanii mmoja, chumba kimoja, kazi tisa

Ukiingia kwenye maonyesho ya msanii mmoja katika galari ndogo ukajikuta umechoka kabla hujafika ukuta wa tatu, macho yako hayana kosa. Kazi zimezidi. Msanii amechora miaka miwili, anazo kazi 30, na kila moja anaiona mwanawe. Mwenye galari naye anawaza kwamba kazi 30 ni nafasi 30 za kuuza. Wakikubaliana hivyo, chumba kinageuka stoo.

Dawa ni hesabu, na ifanywe mapema, kabla mtu hajaanza kupenda kazi fulani. Chukua chumba cha mita 6 kwa 8. Mzunguko wa kuta ni mita 28. Toa mlango, mita 1.5. Toa dirisha, mita 4. Toa meza ya mapokezi na kabati la nyuma yake, mita 2.5. Unabaki na mita 20 za kutundika. Picha yenye upana wa sentimita 90 inataka kama sentimita 80 za ukuta mtupu kabla ya jirani yake, kwa hiyo kila picha inakula mita 1.7. Gawa 20 kwa 1.7, unapata 11 na ushei. Hapo chumba kimejaa pomoni. Kona nazo zina ulafi wake: picha mbili zinazotazamana konani zinagombana, lazima zote zirudi nyuma. Kwa chumba hiki mimi ningesema tisa.

Maonyesho ya pamoja yanavumilia msongamano kwa sababu jirani ni mkono mwingine, rangi nyingine, hasira nyingine, na jicho linapata pa kubadilisha gia. Kwa msanii mmoja mkono ni uleule kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Picha mbili zinazofanana zikibanana, mtazamaji anaona kurudiwa tu. Zikipewa nafasi, anaanza kuona tofauti. Galari ya Iris Clert mjini Paris ilikuwa chumba kidogo mno, na humo ndimo msanii Mfaransa Yves Klein mwaka 1958 alitoa karibu kila kitu, akapaka kuta rangi nyeupe na kufungua maonyesho yasiyo na kazi hata moja ukutani. Miaka miwili baadaye msanii mwenzake, Arman, alikijaza chumba hichohicho takataka hadi watu wakawa wanatazama kupitia dirishani. Wewe uko katikati ya hao wawili, lakini msogelee zaidi Klein.

Kuchagua tisa kati ya 30 hakufanyiki kwa kubishana. Tengeneza kijichumba cha kadibodi kwa kipimo cha 1 kwa 20: mita 6 kwa 8 zinakuwa sentimita 30 kwa 40, na picha ya sentimita 90 inakuwa kipande cha sentimita 4.5. Chapisha picha zote kwa kipimo hicho, zikate, zibandike na kuzibandua hadi wote wawili mtulie. Anza na ukuta unaoonekana mlangoni. Wengi huweka hapo kazi kubwa kuliko zote. Mimi naona hapo panafaa kazi inayomfanya mtu asogee, hata ikiwa ndogo, na ile kubwa ikae pale atakapogeuka. Kazi tatu au nne kati ya zilizokosa nafasi zibaki stoo, zimefungwa vizuri, kwa ajili ya mnunuzi atakayeuliza kama kuna nyingine.

Mkataba uandikwe miezi sita kabla, hata kama mnajuana tangu utotoni. Kazi zinakwenda galari kwa mali kauli: ni mali ya msanii mpaka mnunuzi amalize kulipa. Kamisheni ya asilimia 40 hadi 50 ni ya kawaida, na watu huipigia kelele sana, ilhali ugomvi hasa huja kwenye punguzo. Picha ya 1,000, mnunuzi kapunguziwa asilimia 10, kalipa 900. Mkigawana nusu kwa nusu kilicholipwa, kila mmoja ana 450. Lakini kama kamisheni inahesabiwa kwenye bei ya orodha, galari inachukua 500 na msanii anabaki na 400. Sentensi moja kwenye mkataba inaimaliza habari hiyo. Iandikwe pia nani analipia fremu na usafiri, na kama gharama ya fremu inarudishwa kwanza kabla ya kugawana. Msanii analipwa siku ngapi baada ya mnunuzi kulipa (30 zinatosha). Na ikiwa msanii akiuza kazi studioni kwake wakati maonyesho yanaendelea, galari inapata nini.

Kazi zifike siku kumi kabla. Kwenye kufungasha, kosa la kawaida ni kuigusisha plastiki ya mapovu na uso wa picha. Rangi ya akriliki hulainika kwenye joto, na mapovu yanaacha alama za duara ambazo hazitoki. Kwanza weka karatasi laini isiyo na asidi, kisha kadibodi, ndipo plastiki ifuate, mapovu yakitazama nje. Rangi ya mafuta ina hila yake: ukiigusa unaiona kavu, kumbe ndani bado, na ikipakwa nene inaweza kuchukua miezi mingi. Picha ya mafuta iliyomalizwa mwezi uliopita isibanwe na kitu chochote usoni. Isafirishwe ndani ya boksi lenye vizuizi pembeni, uso ukiwa hewani.

Ikifika, ipige picha kabla hujaifungua, kisha mbele, nyuma na pembe zote nne. Washa tochi ukiilaza ubavuni mwa picha, mwanga upite juu ya uso kama jua la jioni. Nyufa, mikwaruzo na mabonde ya kanvasi yatajitokeza yenyewe. Andika ulichokiona, mtie sahihi wote wawili. Kazi hiyo inachukua dakika kumi kwa kila picha, na ndiyo itakayowaamua siku mtakapokuta pembe imechubuka.

Sasa kutundika. Picha zote zipangwe kwa mstari wa katikati, yaani kitovu cha kila picha kiwe kimo kimoja kutoka sakafuni, kati ya sentimita 145 na 152. Tuchukue 148. Usizipange kwa kingo za juu wala za chini. Picha za vimo tofauti zikilinganishwa kwa kingo, ukuta unafanana na kamba ya kuanikia nguo. Kimo cha kulabu kinapatikana hivi: 148, jumlisha nusu ya kimo cha picha, toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi pale waya unapofika ukivutwa. Picha yenye kimo cha sentimita 100, waya ukivutwa unafika sentimita 12 chini ya ukingo: 148 jumlisha 50 toa 12, kulabu inapigwa kwenye 186.

Neno la kushika hapo ni “ukivutwa”. Watu hupima waya ukiwa umelegea, halafu wanashangaa picha imekaa sentimita tatu chini ya wenzake. Na ukitumia kulabu mbili, kama inavyopasa, waya haufiki juu kama unavyofika ukishikwa na kulabu moja katikati. Kwa hiyo pima ukiwa umeuvuta kwa vidole viwili, mahali zilipo kulabu zako. Kulabu mbili huifanya picha isilale upande kila lori likipita barabarani. Kwa kazi nzito achana na waya kabisa: tundika moja kwa moja kwenye vile vipete vya chuma vya nyuma ya fremu, kimoja kwa kila upande, vikiwa vimefungwa kwa skrubu na si misumari.

Nafasi za pembeni: ukuta wa mita 6, picha tatu zenye upana wa 120, 90 na 90. Jumla 300, zimebaki 300. Mwanahesabu atagawa nafasi nne za 75 na kwenda zake. Kwa jicho, hata hivyo, picha zitaonekana zimetawanyika, kila moja na safari yake. Zisogeze: 60 kati ya picha na picha, 90 kila mwisho. Sasa ni kundi. Kabla ya kutoboa, bandika karatasi zenye vipimo vya picha kwa tepu, simama mlangoni, keti kwenye kiti cha mapokezi, kisha amua. Ukuta wa jipsamu unataka plagi zake maalumu. Skrubu tupu itashika leo na kesho itachomoka na unga wake.

Pimamaji huwekwa juu ya fremu, na jicho ndilo linaloamua mwisho, maana nyumba zenye dari lililopinda ni nyingi na picha iliyonyooka kwa pimamaji inaweza kuonekana imelewa. Bandika vipande vya kizibo au sponji ngumu kwenye pembe mbili za chini, nyuma. Vinazuia fremu isiteleze na vinaacha hewa ipite, jambo la lazima kwa ukuta wa nje unaovuta unyevu. Kazi ya karatasi ikikaa imegusana na ukuta wa namna hiyo, ukungu hauchelewi. Na ndani ya fremu karatasi isigusane na kioo. Iwepo kadibodi ya pembezoni au kijiti cha kuvitenga, la sivyo siku ya kubadilisha fremu picha inabaki imeng'ang'ania kiooni.

Taa ndizo zinazofanywa usiku wa mwisho na watu waliochoka, na inaonekana. Mwanga ushuke kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima. Kujua taa ikae wapi, chukua kimo cha dari, toa 148, zidisha kwa 0.58. Dari la mita 3: 300 toa 148 ni 152, mara 0.58 ni 88. Reli ya taa ikae sentimita 88 kutoka ukutani. Ikiwa karibu zaidi, ukingo wa juu wa fremu unamwaga kivuli juu ya picha, na kila tuta la rangi linaonekana kama mlima. Ikiwa mbali zaidi, mtazamaji anaukinga mwanga na kivuli chake kinaangukia picha, na kioo kinamrudishia taa usoni. Picha za kioo ziangalie ukiwa umesimama anaposimama mtazamaji, si ukiwa juu ya ngazi.

Kiasi cha mwanga unaoangukia picha hupimwa kwa lakisi. Kwa kazi za karatasi, rangi za maji, vitambaa na fotografia, usizidi lakisi 50. Kwa mafuta na akriliki, hadi 200. Programu ya simu itakupa makadirio yanayotosha kujua kama umevuka mara mbili au mara kumi. Kwenye boksi la taa tafuta herufi CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi: isiwe chini ya 90, kwa sababu chini ya hapo nyekundu zinafifia na ngozi za watu kwenye picha zinakuwa za wagonjwa. Joto la mwanga, yaani umanjano au ubuluu wake, Kelvin 3000 au jirani yake, liwe moja chumba kizima. Taa moja ya 4000 katikati ya wenzake ndiyo inayomfanya mtu aseme “sijui hii picha ina nini”.

Lebo ni jambo dogo, basi nitalipita haraka. Jina la msanii halina haja ya kurudiwa mara tisa, liko mlangoni. Andika jina la kazi, mwaka, nyenzo na vipimo, kimo kwanza kisha upana. Ukigeuza, mnunuzi wa mbali ataandaa ukuta usio wake. Maandishi ya utangulizi yasizidi maneno 150. Na ukikuta sentensi isemayo kazi hizi zinachunguza utambulisho, kumbukumbu na nafasi, ifute, maana ingeweza kubandikwa kwenye maonyesho ya mtu yeyote. Sema amechora nini, kwa kitu gani, na kwa nini juu ya mabati badala ya kanvasi.

Stika nyekundu, alama kwamba kazi imeuzwa, hubandikwa fedha ikishaingia, au walau malipo ya awali. Aliyesema “nitunzie hiyo” apewe stika ya rangi nyingine na saa 48. Usiku wa ufunguzi ahadi ni nyingi, na stika nyekundu ya ahadi iliyoyeyuka imeshawafukuza wanunuzi wawili wa kweli. Vinywaji viwe visivyo na rangi, mabegi ya mgongoni yabaki mapokezi, na anayepokea fedha awe mtu mmoja tu, asiwe msanii.

Siku ya kushusha, toa kwanza picha iliyo karibu na mlango, kisha uende ndani, ili usipite na fremu katikati ya fremu. Linganisha kila kazi na ile ripoti ya kuwasili kabla ya kuifunga. Matundu yazibwe kwa puti, yapigwe msasa, kisha ukuta upakwe kwa rola kutoka kona hadi kona. Ukipaka viraka tu, hata kwa rangi ya ndoo ileile, taa za maonyesho yanayofuata zitavionyesha vyote, kila kimoja pale kulabu yake ilipokuwa.