Siku moja na mapipa ya njano: kazi yangu kwenye hanga ya ndege, Mtwara

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshafika getini. Hanga yetu ni ndogo, na watu wakija kuangalia ndege hawanioni. Wanamwona rubani, wanamwona fundi mwenye spana. Mimi ndiye ninayehesabu mapipa ya taka nyuma, upande wa mikorosho. Mafundi wananiita Mama Taka, na ninaitika kwa moyo mmoja.

Saa moja nakagua trei za mafuta chini ya injini, stoo ya rangi, kisha pipa la matambara. Nikikuta kifuniko wazi, kazi inasimama. Kule Marekani kanuni za viwanda vya ndege zinataka matambara ya thina yafungiwe chomboni tangu 1995, kwa sababu thina iliyoachwa wazi inaishia hewani na vifuani mwa watu. Vifua vyetu vina tofauti gani na vyao?

Saa mbili hadi saa tano, bawa la Cessna 206. Limetoka Wichita, Kansas, na chumvi ya bahari yetu imeanza kulila. Alumini ya ndege mara nyingi huchanganywa na shaba, kama asilimia 4 hivi, ipate nguvu. Shaba hiyo hiyo ndiyo inayoifanya iliwe upesi pwani. Ndiyo maana chini ya rangi nyeupe kuna praima, rangi ya kwanza, ya njano yenye kromati. Inazuia kutu vizuri sana, na ndani yake kuna kromiamu sita, inayoleta saratani ya mapafu. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2019, stronti kromati, aina mojawapo ya kromati hiyo, haitumiki bila kibali maalumu. Lakini ndege zilizopakwa zamani bado zinaruka, na anayezikwangua ndiye anayekutana nayo. Kwa hiyo kwetu msasa mkavu ni marufuku. Tunasugua kwa maji, barakoa usoni, na maji yote ya njano yanaingia pipani, hata tone lililoanguka sakafuni.

Saa tano na robo mlinzi ananiita: kuna mzee getini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Yale mapipa matatu pale nyuma yamekaa bure. Nimekuja na elfu ishirini."

Nikamwambia hayauzwi. Akaongeza tano. Nikamuuliza ya nini.

"Mabibo, mwanangu. Yanaoza chini ya mikorosho. Nataka nikamulie, nitengeneze uraka."

Nilihisi baridi mgongoni. Mapipa hayo yalikaa maji ya njano, na uraka ni pombe chachu, unachachuka humo humo pipani siku nzima, halafu unanywewa na kijiji kizima. Nikamweleza. Akasema atayasugua kwa mchanga na sabuni. Nikasema haitoshi. Akasema atayachoma moto. Nikasema, babu, hiyo kromiamu ni metali, moto hauiondoi. Akauliza mbona mimi nayashika, nikamwonyesha glavu. Jua likawa limetusimamia utosini, mafundi wananisubiri, na yeye hachoki. Mwisho akasema neno lililoniuma: "Mnaona bora yaoze kuliko mtu wa Naliendele anufaike."

Nikaacha kueleza. Nikatia kikombe cha maji safi kwenye pipa moja lililokwisha kusuuzwa, nikalizungusha, nikayamimina kwenye chupa ya maji isiyo na rangi, nikaiinua juani. Njano.

"Haya ungempa mjukuu wako, babu?"

Alikaa kimya muda mrefu. Akauliza pipa safi linapatikana wapi. Nikamwelekeza sokoni, kwa wanaouza mafuta ya kula. Yale maji ya chupa nikayarudisha pipani.

Mchana sikula. Lori la kampuni yenye leseni lilikuwa lifike saa nane. Saa tisa dereva anapiga simu: tairi, yuko Nangurukuru. Taka hatarishi huwezi kumpa mwenye kirikuu akupelekee; Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka leseni na karatasi, na mimi mwenyewe nisingetaka vinginevyo. Mwaka 2024 mvua zilipoikata barabara pale Somanga, mapipa yalirundikana hapa na nilikuwa nikiamka usiku kusikiliza kama mvua inaingia.

Nikautumia muda kuyatoboa yale matatu, mtu asije akayatumia, nikiwa nimeyaacha wazi yapunge hewa kwanza, kwa patasi isiyotoa cheche. Mashimo sita kila moja. Mkono uliniuma mpaka begani.

Giza lilikuwa limeshaingia lori lilipofika. Kupima, kubandika lebo, kusaini. Sikumbuki saa ngapi lilitoka.

Nikapanda bodaboda. Tulipofika Magomeni, ya hapa hapa Mtwara, nikamwona yule babu anakokota baiskeli, pipa la plastiki la bluu limefungwa nyuma kwa mpira. Nikamwambia kijana asimame. Nikashuka, nikafungua kifuniko, nikanusa.

Alizeti.

"Hili sawa, babu," nikamwambia, nikamsaidia kukaza mpira.