Euro elfu tatu kwa kazi niliyoifanya mwenyewe

Jamani kuna watu wamejaliwa kuvuna wasipopanda. Leo imeingia invoisi hapa Ujerumani ninapofanya utafiti wa ubongo wa nzi, kutoka kwa jarida la kisayansi lililoikubali pepa yetu, yaani makala ya utafiti, euro elfu tatu na ushee, kodi bado haijawekwa, na chini wameandika kwa adabu kabisa tulipe ndani ya siku thelathini. Nimeisoma nikaenda zangu kuosha chupa za nzi, maana ningebaki kwenye kompyuta ningejibu vibaya.

Kwa wasioujua huu mchezo ngoja niwachoree. Unafanya utafiti kwa hela ya walipa kodi, unaandika, unapeleka kwenye jarida. Jarida linatafuta wanasayansi wenzako wawili watatu waikague, hao hawalipwi hata senti, na mimi nikikagua za wenzangu nafanya usiku, bure vilevile. Ikishapita ndo unaambiwa sasa lipa wewe ili watu waisome bila malipo, na usipolipa inafungiwa ndani, mwanafunzi kule nyumbani akiibofya anakutana na geti. Na elfu tatu siyo kilele. Jarida maarufu la Nature walipotangaza bei yao mwishoni mwa 2020 walisema euro 9,500 kwa pepa moja. Pigeni wenyewe hesabu na mshahara wa lekcha, mnaujua.

Najua mtu atasema mbona kuna msamaha kwa nchi maskini. Upo, ila wanaangalia chuo unachofanyia kazi, hawaangalii pasipoti. Kwa hiyo kwenye viza mimi ni Mwafrika, kwenye invoisi mimi ni Mjerumani. Chuo chetu kina mkataba na wachapishaji wakubwa kadhaa, hili jarida letu halimo. Bahati yangu hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mdudu tunayemtafiti mwenyewe ni wa upande wetu. Kuna nzi mdogo wa matunda anaitwa Drosophila sechellia, hapatikani pengine duniani isipokuwa Shelisheli, na maisha yake yote yamezunguka tunda moja, noni. Noni ikiiva inanuka hasa, imejaa asidi ambazo nzi wengine wa matunda zinawaua. Huyu hazimuui, tena zinamwita, na mayai yake anataga humohumo. Ndugu zake wa karibu wanakula kila kinachooza, yeye kachagua sumu. Sasa swali letu ni hili, ubongo unabadilikaje mpaka mdudu apende kinachowaua ndugu zake? Ukipima papasi zake, zile pembe za kunusia kichwani, unakuta neva za kunusa harufu za noni ni kama mara tatu ya zile za ndugu zake, na kuna kipokezi kimoja, yaani protini ya kunasa harufu, kinaitwa Ir75b, ambacho kwa ndugu zake kinanusa asidi nyingine kabisa, kwake kimebadilika kikahamia kwenye asidi iliyomo ndani ya noni. Mtu angetegemea basi na ndani ya ubongo neva zinazopokea huo ujumbe ziongezeke. Wapi! Zimebaki idadi ileile. Kinachoonekana ni kwamba anaweza kuifuata harufu bila kuikatia tamaa haraka, wenzake wanaiacha njiani. Mageuko hayakujenga ubongo mpya, yalipapasa pembeni tu, kwenye mlango wa kuingilia harufu. Mimi hapa ndo nakosa usingizi, kwa raha.

Hata yule nzi maarufu, melanogaster, aliyeko kila maabara, asili yake ni kusini mwa Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza walivyomkuta porini Matobo, Zimbabwe, kwenye matunda ya mng'ongo. Akazoea watu, akasambaa nao dunia nzima, na 2024 ikatoka ramani ya ubongo mzima wa jike mmoja, neva 139,255 na miunganiko zaidi ya milioni hamsini. Hajawahi kuombwa viza wala kuulizwa taarifa ya benki ya miezi sita huyo.

Kazi yenyewe kwa wanaodhani tunakaa na makoti meupe tunapiga picha: unamlaza nzi kwa gesi, unamzamisha kwenye maji ya chumvi chini ya hadubini, vibano viwili vyenye ncha kali kuliko sindano, unashika mdomo unauvuta, unapasua kichwa kutokea hapo taratibu. Ubongo unatoka mweupe, upana wake kama nusu milimita, bado umeng'ang'aniwa na mirija ya hewa inayong'aa kama nyuzi za fedha, na hiyo mirija usipoitoa yote ubongo unaelea juu kila ukimimina dawa. Dawa zenyewe zinakaa siku kadhaa kwenye friji ndo uone kitu. Mkono ukitetemeka, kazi ya wiki imekwenda. Halafu kuna majike, hao lazima uwatenge ndani ya masaa nane tangu watoke kwenye gamba, kabla hawajakutana na dume. Nzi hajui Jumapili, hajui sikukuu.

Sasa wewe unayenitumia ujumbe "kaka nataka PhD Ujerumani nisaidie", soma hapa vizuri. Kwenye baiolojia huku mara nyingi mkataba wa PhD ni asilimia 65 ya mshahara na kazi ni asilimia mia na kitu. Uliza kabla ya kusaini: mkataba ni wa miaka mingapi, konferensi analipa nani, pepa analipa nani. Usione aibu, wenzako wa huku wanauliza hayo kwenye intavyuu ya kwanza. Na ukimwandikia profesa usianze na "Dear respected Sir" halafu ukataja mada asiyoifanya, soma pepa zake mbili tatu, muulize kitu cha ndani. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, ukiwa hukohuko, itakubeba kuliko cheti cha lugha.

Halafu ujue kuna saa inayokimbia. Sheria yao ya mikataba ya wanasayansi, ya 2007, inakupa miaka 6 kabla ya PhD na 6 baada, ikiisha hujapata kazi ya kudumu basi, na kazi za kudumu ni za kutafuta kwa tochi. Wizara yao ya elimu na utafiti ilishatoa video ya katuni kuhusu mwanabaiolojia wa kubuni anaitwa Hanna, kueleza kwamba mikataba mifupi inasaidia mfumo usizibe. Mwaka 2021 wanasayansi waliwaka mtandaoni, IchBinHanna, yaani "mimi ni Hanna", kila mahali, wasizibe kwani wao ni taka? Ila tuelewane, Hanna mkataba ukiisha anabaki kwao. Mimi kibali changu kinakufa pamoja na mkataba.

Nikizidiwa na hasira huwa namkumbuka Charles Henry Turner. Mmarekani mweusi, PhD ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1907, vyuo vikuu vya utafiti havikumpa kazi, kuanzia 1908 akafundisha sekondari ya Sumner, St. Louis, mpaka 1922. Hana maabara ya maana, hana wanafunzi wa PhD. 1910 akaonyesha nyuki wanaona rangi, kwa visahani na vikasha vya rangi alivyovipanga kwenye bustani ya umma, mwaka uliofuata akaonyesha wanatofautisha michoro, akaandika pepa zaidi ya 70. Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria aliyechunguza nyuki wanavyoona rangi miaka michache baadaye, aliishia kupata Nobel 1973, tuseme ukweli ilikuwa kwa mengi zaidi ya rangi, lakini jina la Turner mimi nimelikuta nikiwa tayari na digrii mbili. Hilo nani alaumiwe?

Na mambo yenyewe ni matamu, ndo tatizo. Zamani iliaminika nyuki wana ile sehemu ya kumbukumbu kubwa hivyo, inaitwa miili ya uyoga, kwa sababu wanaishi kijamii. Mwaka 2011 watafiti Farris na Schulmeister wakaonyesha sehemu hiyo ilishapanuka kwa nyigu wapweke wanaotaga mayai ndani ya wadudu wengine, mamilioni ya miaka kabla ya mizinga na malkia. Yaani huenda kilichouanza ule ubongo ni kazi ya kumsaka mdudu aliyejificha na kukumbuka mahali. Unalipwa kufikiria vitu kama hivi, asilimia 65 lakini unalipwa.

Invoisi nimemsukumia bosi, kajibu kwa alama ya kuguna. Pepa yetu iko bioRxiv, tovuti ya kuweka pepa za baiolojia kabla hazijachapwa, tangu tulipoituma kwenye jarida, bure, haina geti, kasomeni. Mwenye swali la Ir75b aje inbox hata usiku wa manane, wa PhD Ujerumani nimeshaandika hapo juu.