Mirija Iliyokunywa Maji

Mstari ulipotokea kwenye skrini ya spektromita ya Raman, chombo kinachosoma mitetemo kwa mwanga wa leza, ulikuwa na vilele viwili, nami nilikuwa nangoja kimoja. Mirija ya kaboni ya ukuta mmoja hutetemeka kana kwamba inapumua: mrija mzima hutanuka na kunywea kwa pamoja, na kadiri ulivyo mwembamba ndivyo mtetemo unavyokwenda kasi. Sampuli ile ilikuwa imechambuliwa ikabaki ya aina moja, kipenyo kimoja. Sasa cha pili kimetoka wapi? Nikapima sehemu nyingine ya kichupa. Vilele vikabaki viwili, vimebanana.

Nikamwita dada aliyenitangulia katika maabara ile. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Mdogo wangu, hiyo imekunywa maji."

"Dada, si imo ndani ya maji tangu mwanzo?"

"Imo ndani ya maji, na maji yamo ndani yake. Mawimbi ya ultrasauti yanaikatakata. Ukishaukata mrija umeufungua mdomo, maji yanajiingilia yenyewe. Iliyobaki imeziba ni mitupu. Una makundi mawili hapo."

Mrija wenyewe haufiki upana wa nanomita 1. Molekuli za maji humo hazina nafasi ya kupishana. Zinapanga foleni, moja nyuma ya nyingine. Watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, walikuwa wameshalionyesha jambo hilo mwaka 2010, na dada aliijua kazi yao vizuri. Mimi nilikuwa nimeisoma juujuu.

Tukaitenga kwa sentrifuji, mashine inayozungusha vichupa kwa kasi kubwa, ndani ya kimiminika chenye msongamano unaozidi kadiri unavyoshuka chini. Mitupu, kwa kuwa ni myepesi, ikasimama juu, iliyojaa ikashuka. Tabaka mbili, kaboni ileile, kipenyo kilekile.

Kilichonishangaza hasa ni mwanga. Tulipoipiga leza na kupima mng'ao wake wa infraredi, mitupu iling'aa zaidi, na mstari wake ulikuwa mwembamba, safi. Iliyojaa maji ilififia, na mwanga wake ukasogea nanomita kadhaa kuelekea mawimbi marefu. Maji hayakuwa yameunda kifungo chochote na kaboni. Ila mwanga unapofyonzwa na mrija huzaa elektroni na tundu, yaani nafasi iliyoachwa wazi na elektroni hiyo, linaloivuta, na mvutano huo hauishii ukutani. Unapita hata katika uwazi wa ndani. Maji, yenye molekuli za ncha chanya na hasi, yakikaa humo huupunguza makali, na nishati za mrija mzima hubadilika. Ukutani kuna safu moja tu ya atomu, kwa hiyo hakuna elektroni iliyo mbali na kilichomo ndani.

Dada alikuwa ameshavuka hapo. Alitaka tujaze alkani zilizoshiba, zile za mafuta, ziwahi nafasi kabla ya maji, kwa kuwa hazina ncha za umeme. Halafu kloridi ya fedha, inayonyang'anya mrija elektroni na kuugeuza tabia yake ya kupitisha umeme. Kwangu hilo la pili lilikuwa tamu zaidi: la kwanza linaukinga mrija, la pili linautengeneza upya bila kugusa atomu moja ya ukuta.

Nilichukua kalamu nikaandika upya lebo za vichupa: "mitupu" na "yenye maji". Lile neno "safi" nililoandika mwanzo nikalikata.