Jibu la karani

Neno la baba mdogo limenikaa kifuani tangu Jumamosi na halitaki kushuka. Nimefua, nimesahihisha madaftari ya darasa la sita, nimekwenda jumuiya, bado liko palepale. Basi acha niliandike.

Mnaomjua baba mdogo mnajua kwamba haendi kanisani. Hajifichi wala hajitangazi. Siku za shughuli anakuja, anakaa chini ya mparachichi, anakula na watu, anatania wajukuu, na ikifika saa ya maombi anavua kofia na kunyamaza. Ukoo umemzoea. Jumamosi ilikuwa kipaimara cha Neema (alihojiwa amri ya nane na akaitoa pamoja na maana yake yote, mama yake nikalia), mbuzi ameshakatwa, loshoro iko mezani, na yule MC, kijana asiyetufahamu, akaona mzee mwenye mvi amekaa mbele. Akampelekea kipaza sauti atuombee chakula.

Baba mdogo akasimama. Akasema taratibu, "Asante mwanangu. Mpe mchungaji. Mimi nikiomba nitakuwa nasema uongo mbele ya watoto." Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Hakuna aliyekasirika. Mchungaji akaomba, tukala.

Ni baadaye, viti vimeshaanza kukusanywa, tumebaki wachache wa nyumbani, mwanangu Amani akamsogelea na mfupa wake mkononi, akamuuliza, "Babu, kwa hiyo wewe utaenda motoni?"

Shangazi aliweka bakuli chini. Baba mdogo hakucheka wala hakumkemea. Alimtazama mtoto kama anavyomtazama mtu mzima anayemheshimu, akasema, "Muulize mama yako. Yeye ndiye anayekisoma kile kitabu." Wote wawili wakanigeukia.

Nikasema, "Mwamuzi ni Mungu, Amani. Si mimi, wala si mtu mwingine yeyote."

Amani akaridhika, akaenda zake kwa wenzake. Baba mdogo akainama kidogo upande wangu na kusema kwa sauti niliyoisikia mimi tu: "Hilo ni jibu la karani, mwanangu. Nilitaka la kwako."

Hilo ndilo lililonikaa.

Jibu langu lilikuwa sahihi, na bado nasema hivyo. Paulo anauliza katika Warumi 14, wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine? Bwana mwenyewe amesema msihukumu. Ningemuuliza mchungaji angeniambia nimejibu vizuri, na kweli nilimuuliza, na kweli aliniambia hivyo. Nimelipitisha kichwani nikipika, nikiwa kwenye daladala, nikiwa nimelala macho yakiwa wazi. Mwamuzi ni Mungu. Hakuna pa kukosoa. Mbona linauma?

Linauma kwa sababu baba mdogo anawajua makarani. Miaka ile ya mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale kwenye ukumbi wa AICC Arusha, alikuwa dereva wao. Aliingia kabla ya ile hukumu yao ya kwanza, ya meya Akayesu, Septemba 1998, na alikuwa na miaka mingi kazini walipofunga mwisho wa 2015. Alibeba mashahidi waliotajwa kwa herufi tu, watu waliotolewa kijijini kwao wakaletwa Arusha kueleza mbele ya vioo jinsi wenzao walivyouawa. Kazi yake ilikuwa kuendesha, si kuzungumza. Hajawahi kututajia jina la yeyote. Lakini alituambia kwamba mtu akimuuliza karani lolote la maana, karani ana jibu moja: shauri liko mbele ya majaji. Na alisema haya bila kuwadharau, maana ndiyo kazi yao. Karani hatakiwi kuwa na la kwake.

Wakati huo alikuwa sauti ya nne kwaya kuu. Nilikuwa binti, nakumbuka jinsi sauti yake ilivyotuliza kanisa zima wakati wa Komunyo. Aliacha kwaya na kanisa Desemba 2006. Tarehe 13 mwezi ule, kwaya ikiwa katikati ya mazoezi ya Krismasi, majaji walimhukumu padre Athanase Seromba miaka 15. Huyu alikuwa padre wa parokia ya Nyange, Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake, na kanisa likaangushwa kwa tingatinga wakiwa ndani. Baadaye yeye alikuwa Italia, akihudumu parokiani kwa jina jingine. Walipokata rufani, Machi 2008, adhabu ikapandishwa kuwa kifungo cha maisha, kwa sababu ilionekana kwamba alikubali kanisa lake libomolewe na akamwonyesha dereva wa tingatinga upande ulio dhaifu.

Upande dhaifu wa kanisa. Baba mdogo ni dereva. Alilisema hilo mara moja tu, jikoni kwa bibi, na hakulirudia.

Wala hakuwa anawasema Wakatoliki. Mchungaji wa Kisabato, Elizaphan Ntakirutimana, naye alipita mlemle, akapewa miaka 10, akatoka Desemba 2006 na kufariki mwezi uliofuata hapahapa Arusha. Baba mdogo alijua habari za pande zote. Nilipokuwa chuoni, nikiwa na moto wa ushuhuda, nilimwambia habari za Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu aliyekataa kuwaacha Watutsi waliojificha kwake ingawa kaka yake alikuwa kanali na alitaka kumwokoa, akauawa pamoja nao. Nilidhani nimemkamata. Akasema, "Namjua. Yule mama angefanya vilevile hata kama asingeahidiwa mbingu." Kisha akaniuliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo. Yule padre akitubu usiku wa mwisho wa maisha yake, mnasema anaketi mkono wa kuume. Mwanamke aliyechimbuliwa kwenye kifusi, akaapa hataingia tena kanisani mpaka kaburini, mnampeleka wapi?

Nimesoma vitabu, nimesikiliza mahubiri, nimeuliza watu waliosoma theolojia Makumira. Swali bado ni zito.

Tuko mwisho wa mwaka wa kanisa, karibu tunaingia Majilio, na masomo ya wiki hizi yote ni ya siku ya mwisho. Wengi hawayapendi. Wanaona ni ya kutisha watoto, na siwezi kuwalaumu, maana najua yaliyotendwa kwa kutumia siku hiyo: Kanungu, Uganda, mwaka 2000, waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada, Shakahola, Kenya, 2023, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni ya watu waliofunga kula ili wakutane na Yesu. Amani sitamlea kwa kiberiti. Lakini nikiliondoa fundisho la hukumu, watu wa Nyange ninawaacha na nini? Kifungo cha mtu mmoja, kilichoongezwa kwenye rufani. Ndiyo yote watakayopata milele? Mimi siwezi kuishi na hilo. Katika Imani ya Mitume, tunapofika pale pa kurudi kwake kuwahukumu wazima na wafu, kuna Jumapili mwili wangu unasisimka kwa matumaini. Kwamba kuna siku hakuna karani wala mkalimani wala herufi badala ya jina, kila mmoja ataitwa kwa jina lake, na aliyewaona wote ndiye atakayesema. Ibrahimu alimwambia Mungu usoni, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Hakupigwa na radi. Aliachwa aendelee kujadiliana, kutoka hamsini hadi kumi.

Na Petro anaandika kwamba wakati umefika wa hukumu kuanza katika nyumba ya Mungu. Kuanza. Baba mdogo angekuwa bado anaingia kanisani ningemwonyesha mstari huo. Yeye aliondoka kwa sababu aliona nyumba hiyo haihukumiwi.

Kwa hiyo nilikuwa na haya yote moyoni, Jumamosi, mtoto aliponiuliza. Nikatoa sentensi moja iliyonyooka.

Jumatano jioni simu ikaita, yeye. (Siku hiyohiyo Baba Neema alileta barua ya uhamisho wa Tabora, tutaongea siku nyingine.) Akaniuliza bei ya saruji hapa Usa River. Akauliza kama Neema amepumzika. Kisha akanyamaza, na baba mdogo akinyamaza kwenye simu unasikia redio yake nyuma.

"Umenikasirikia?"

"Hapana, baba mdogo."

"Basi lile swali la Amani bado liko wazi."

Nilikuwa nimesimama uani na beseni la nguo. Sikupanga. Nikamwambia, "Nakuogopea, baba mdogo. Kila nikisoma Mathayo 25 nakutafuta uko upande gani, na sikuoni vizuri, na naogopa. Naamini kuna hukumu. Nataka uwepo. Ndilo la kwangu."

Redio ikaendelea. Nikadhani simu imekatika.

"Haya," akasema. "Hilo nimelisikia." Na akaendelea na saruji.

Nilipoingia ndani nilikuwa naimba. Neema aliniangalia tu. Sijui niwaeleze vipi furaha ile, maana hakuna kilichobadilika: haamini, hakusema ataamini, hakuniomba nimwombee. Lakini mtu ameuliza mara mbili. Mara ya kwanza ningeweza kusema aliuliza kwa ajili ya mtoto. Mara ya pili alipiga simu. Miaka yote hii nilidhani nikimwambia namwogopea nitakuwa namtusi, kama vile namwona mdogo mbele yangu. Kumbe alikuwa anangoja mtu wa nyumbani amwambie waziwazi kile tunachokiri kila Jumapili, au tukiri kwamba hatukiamini. Ukimya wetu wa heshima alikuwa anauona. Ukoo mzima unasema Imani ya Mitume kwa sauti kubwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkabili na sentensi ile.

Kuna dada mmoja wa jumuiya, nampenda sana, aliniambia jana, "Usihangaike, baba mdogo wako ni Mkristo asiyejijua." Alitaka kunifariji, na nimelikataa moyoni. Ni kweli anamlipia ada mtoto wa mlinzi. Ni kweli alipostaafu alitumia kiinua mgongo chake kuchimba kisima ambacho mtaa mzima unachota. Na ni kweli kwamba katika Mathayo 25 wenye haki nao wanashangaa: Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha? Hawakujua. Huwa nasoma hapo polepole kuliko kwingine kote. Lakini siwezi kumwandikisha mtu kwenye daftari aliloliacha kwa hiari yake, tena kwa sababu anazozijua yeye. Amekataa kusema uongo mbele ya watoto. Na mimi nisiseme uongo juu yake. Baba mdogo haamini. Mimi naamini, na nikisema naamini namaanisha kama yule baba wa Marko 9 mwenye mtoto mgonjwa, ambaye alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia arudi akiwa ameamini vizuri. Mtoto aliponywa.

Namwombea kila alfajiri. Nimebadilisha maneno tangu Jumatano. Zamani niliomba alainishwe moyo, na sasa naona moyo wake haukuwa mgumu. Ulivunjika mahali pale pale ambapo wangu ungepaswa kuvunjika na haukuvunjika, kwa kuwa mimi sikuwapo kwenye gari lile nikiwasikiliza watu wakilia kiti cha nyuma. Sasa naomba Mhukumu aje kweli, na aje akiwa na jibu la swali la yule mwanamke wa kwenye kifusi, na baba mdogo awe amesimama karibu alisikie.

Amani hajauliza tena. Akiuliza nitamwambia nilichomwambia babu yake.

Mvua zimeanza na mimi nina tatizo jingine. Leo nimeshusha gunia la tatu la mahindi stoo, nimekuta unga chini na matundu kwenye punje. Dumuzi. Lile la pembeni nalo nimeliinamishia sikio nikasikia yanatafuna. Kuyaanika na mvua hii haiwezekani, na dawa niliyochanganya Agosti nina wasiwasi ilikuwa imepita muda wake dukani. Kama kuna anayejua iwapo mahindi yaliyokwishaingiliwa yanaweza kupigwa dawa tena bila kuyaanika, na yakae muda gani kabla ya kusagwa, aniambie mapema, maana Baba Neema akienda Tabora ndiyo chakula chetu hadi Julai.