Jodari wa Victoria, nyumba za Ngazidja

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma sambamba majedwali ya Pato la Taifa ya Shelisheli na ya Komoro. Kila nikiyarudia naona kwamba mtu anayegawanya jumla kwa idadi ya watu, kisha akatangaza nani tajiri na nani maskini, amepima pia, pasipo kukusudia, uwezo wa ofisi mbili za takwimu kuona kinachofanyika mbele yao.

Ofisi ya Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, hufanya kazi zaidi na makaratasi. Nchi ina watu kama laki moja, hoteli hufunga hesabu zake, na tangu Januari 2013 ipo Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo popote inapotozwa huacha nyayo za mauzo. Ndiyo maana hata makadirio ya kila robo ya mwaka yanapatikana. Kinachotatiza pale ni suala la ukaazi. Jodari akivuliwa na meli ya Kihispania ndani ya maji ya Shelisheli, huyo ni uzalishaji wa Hispania, kwa sababu kanuni za Umoja wa Mataifa humtazama mzalishaji kwa makao yake ya kiuchumi, wala si kwa bahari aliyotupa nyavu. Akishushwa bandarini na kuuzwa kiwandani, huandikwa kuwa bidhaa iliyoagizwa kutoka nje, na Pato la Taifa huambulia huduma za bandari pamoja na thamani inayoongezwa tangu barafu inapoyeyuka hadi kopo linapofungwa.

Moroni, mji mkuu wa Komoro, mambo ni mengine. Sensa ya 2017 ilihesabu watu 758,316, na sehemu kubwa ya uzalishaji wao haina risiti: muhogo unaoliwa na waliouchimba, samaki wa galawa, mtumbwi mdogo wa uvuvi, anayegawanywa ufukweni. Vyote hivyo vinapaswa kuhesabiwa, lakini hupatikana kwa kuzungukia kaya na dodoso mkononi, na tafiti za namna hiyo ni ghali, hivyo hazifanywi kila mwaka. Takwimu ziliporekebishwa kwa mwaka wa kizio 2007, yaani mwaka unaotumika kuwa msingi wa hesabu, jumla ilipanda sana, na mwaka 2019 Benki ya Dunia ikaihamisha Komoro kutoka kundi la nchi za kipato cha chini. Hakuna mgomba hata mmoja ulioongezeka kwa sababu hiyo. (Bendera ina nyota nne, lakini majedwali yana visiwa vitatu, kwa kuwa Mayotte iko chini ya Ufaransa.)

Mfano unaonishughulisha zaidi ni nyumba ya zege ambayo familia ya Ngazidja, kisiwa kikubwa zaidi cha Komoro, humjengea binti kwa ajili ya ndoa, mara nyingi kwa fedha za ndugu walioko Marseille. Kazi ya fundi imo katika Pato la Taifa. Saruji, kwa kuwa imeagizwa nje, hutolewa. Dhahabu anayopewa bibi harusi ni mali iliyobadilisha mikono tu. Na fedha zilizotumwa hazimo kabisa, kwani huonekana tu katika mapato ya taifa yanayoweza kutumika, kipimo kinachojumlisha pia fedha zinazopokewa kutoka nje na kutoa zinazopelekwa huko. Siku hizi nalinganisha kwa kipimo hicho cha pili. Pengo na Shelisheli linabaki kubwa, lakini angalau nyumba na fedha zilizoijenga zinakaa kwenye jedwali moja.