Lock ni ya prosesa, kaka

Posa ya Zuhura imepita salama, ofisi imehamia ghorofa ya pili, na mimi bado niko Jumanne saa nne asubuhi.

Mnaikumbuka ile foleni ya ujumbe niliyoianza kabla ya Ramadhani. Uzi mmoja (thread, njia moja ya kazi ndani ya programu) unaandika ujumbe kisha unapandisha kaunta; wa pili ukiona kaunta imepanda, unasoma. Hiyo kaunta niliipandisha kwa asembli (amri za prosesa zenyewe), `lock xadd`, yaani jumlisha bila mwingine kuingilia na urudishe thamani ya zamani; nimeichomeka mwenyewe katikati ya C, lugha ambayo kompaila huigeuza kuwa amri za prosesa. Dogo wa meza ya dirishani akaweka kidole kwenye skrini yangu.

"Kaka, hapa umeiambia kompaila kwamba unagusa kumbukumbu?"

"Si kuna lock hapo."

"Lock ni ya prosesa, kaka. Kompaila haisomi hayo maandishi, inayapitisha tu."

Si kuna lock hapo. Nimeirudia kwenye daladala, nimeirudia naoga. Niliisema kama mtu anayefunga mjadala, na meza nzima ilisikia.

Na alikuwa sahihi. Mwishoni mwa ule mstari sikuandika "memory". Bila neno hilo kompaila ina ruhusa ya kuusogeza uandishi wa ujumbe ukaja baada ya kaunta kupanda. Kwa -O0, kompaila ikiwa haiboreshi msimbo, haikutokea hata siku moja. Kwa -O2, ikiboresha, mara mojamoja, msomaji alikuta ujumbe wa zamani, nami wiki mbili nikawa nalaumu mtandao.

Jana usiku nimeifuta hiyo asembli. Nimeweka `__atomic_fetch_add` (jumlisha bila kuingiliwa) na `__ATOMIC_ACQ_REL` (usivuruge mpangilio wa kumbukumbu), vitu ambavyo kompaila ya GCC inavyo tangu toleo la 4.7 la mwaka 2012. Nikafungua objdump, inayoonyesha amri zilizotoka kwa kompaila, na hapo roho ikafunguka: hakuna xadd. Kompaila imeona thamani ya zamani siitumii, ikaweka `lock addl`, inayojumlisha tu. Nikaijengea ARM, aina nyingine ya prosesa, kwa -march=armv8.1-a, ikatoa amri moja, ldaddal, kutoka mstari uleule. Asembli yangu huko isingejengeka kabisa. Kerneli (kiini) ya Linux inaandika amri za namna hii za kwake kwa mkono kwa sababu ina kanuni zake za kumbukumbu. Sisi sababu hiyo hatuna.

Kesho nitamwambia dogo, mezani palepale, wakiwa walewale.

Bibi wa Muheza hapokei simu tangu jana adhuhuri. Shangazi anasema ni chaji, umeme ulikatika. Lakini inaita.